Baada ya Mwendo wa Nne

Nyumbani kwetu, mtaa wa Buyenzi, miaka ile ya vita hatukuhitaji mtu wa kutuambia kwamba kuna jambo. Redio ilituambia kwa kukataa kuongea. Ukiamka ukakuta hakuna habari, hakuna salamu za wasikilizaji, hakuna nyimbo, ila fidla nyingi zinalia pamoja na tarumbeta zinazogombana nazo, basi ujue hakuna shule, hakuna soko, na mama ameshaanza kupima mchele kwa kikombe kidogo. Sisi watoto tuliuita muziki wa wazungu waliofiwa. Sikuupenda. Hata leo siupendi, na mtu akiniambia ni muziki mzuri wa kutuliza moyo namwangalia tu mpaka abadilishe mazungumzo.

Baba alikuwa fundi wa magari, mtu wa amri chache. Amri yake ya siku hizo ilikuwa moja: muziki ukiwa unapigwa, hakuna kuvuka mlango wa uani; tungoje msemaji wa redio aseme. Tabu ni kwamba muziki wenyewe ulikuwa unanyamaza katikati. Kimya cha ghafla. Sote tunakimbilia redio, mama na mwiko wake mkononi, kaka yangu mkubwa ameshashika komeo. Tunangoja neno. Badala ya neno, fidla zinaanza tena kwa sauti nyingine, kama watu waliotoka kidogo kunywa maji. Kaka alikuwa anatukana kwa Kifaransa, kwa sababu baba hakujua matusi ya Kifaransa.

Aliyetufungua macho ni mpangaji wetu. Alikuwa mwalimu wa muziki katika shule moja ya sekondari, Mkristo, mwembamba, mwenye koti moja tu alilolivaa hata kwenye joto. Shule yake ilipofungwa alipanga chumba chetu cha nyuma akakaa humo na godoro, sufuria na filimbi ambayo hakuipuliza hata siku moja. Siku moja alitukuta tumeizunguka redio wakati wa kimya, akatuonea huruma.

"Apana, haiyaisha," alisema. "Hiyo ni simfoni. Iko na sehemu ine. Inapumuzika tu."

Alitueleza kwa vidole. Kila sehemu aliiita mwendo. Mwendo wa kwanza ni ugomvi, vyombo vinabishana nani mkubwa. Wa pili ni wa polepole. Mama alisema huo unafanana na dua ya baada ya maziko, na mwalimu alikubali kwa kichwa. Wa tatu ni ngoma ya kuzunguka, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, na kaka alizunguka nayo uani akiwa na spana mkononi mpaka mama akacheka. Wa nne unakimbia.

"Unakimbia wapi?" nilimuuliza.

"Nyumbani," mwalimu alisema. "Ya ine ndiyo inarudishaka watu nyumbani. Kisha inaisha, na watu wanapiga makofi."

Huko Ulaya, alituambia, mtu akipiga makofi kati ya mwendo na mwendo anaonekana mshamba. Kaka alipenda sana neno hilo. Tangu hapo, mtu akikurupuka wakati wa kimya aliitwa mshamba, na baba mwenyewe aliitwa mshamba, kwa sauti ya chini.

Nitakuwa mkweli: mwalimu alitupa kitu kikubwa. Mpaka hapo vita kwetu vilikuwa kelele tu, havina mbele wala nyuma. Sasa tulijua tuko wapi. Mama aliweza kupika katika mwendo wa pili, baba aliswali bila kugeuza shingo. Na msemaji, tuligundua, kweli alikuwa anasema baada ya mwendo wa nne. Haikutokea akaukata muziki katikati. Ile amri ya baba ya kungoja neno ikageuka polepole, bila mtu kuibadilisha, ikawa kungoja mwendo wa nne. Tuliona ni kitu kilekile.

Mke wa kaka alikuwa kwa mama yake, mtaa wa Kamenge, upande wa kaskazini. Alikwenda kujifungulia huko, kama wanavyofanya wanawake kwa mimba ya kwanza, na alikuwa amejifungua mtoto wa kike ambaye kaka alimwona mara moja. Kisha mitaa ya kaskazini ikashika moto na njia ikafungwa. Kaka hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa anafungua injini iliyokwisha kufungwa, anaifunga tena, anaifungua. Waliopita kwetu kutoka huko walisema nyumba zinachomwa mstari kwa mstari.

Asubuhi tuliyofungua redio tukakuta mwendo wa polepole, kaka alikuwa tayari amevaa viatu.

"Baba, mi naenda kuleta bibi yangu na mutoto."

"Tungoje musemaji," baba alisema. Alichukua kiti akakiweka mlangoni, akakikalia.

"Na kama hasemi?"

"Atasema. Siku zote anasemaka."

Tulikaa uani sote, na mwalimu juu ya kidumu cha maji kilicholazwa. Mwendo wa pili uliisha. Hakuna aliyekurupuka. Mwendo wa tatu ulipigwa na safari hii kaka hakucheza. Alikagua upepo wa magurudumu ya baiskeli. Mama aliingia ndani akatoka na kanga mpya, akaikunja, akamwambia ni ya kumfungia mtoto mgongoni, asije akabebwa ovyo. Baba aliona. Nilijua kwamba hapo ameshindwa.

Mwendo wa nne ulikimbia kama kawaida yake. Nilikuwa nimeshaufahamu kiasi cha kujua unapokaribia mwisho, pale ngoma kubwa zinapopiga na wote wanasema jambo lilelile mara nyingi, kama mtu anayeaga na haondoki. Ukaisha.

Kimya kikakaa. Tulingoja. Kuku wa jirani walisikika, na mtu anakohoa nyumba ya tatu.

"Mwalimu," baba alisema, "imekwisha kweli?"

"Imekwisha, mzee. Hiyo ilikuwa ya ine."

Alisema kweli. Kuhusu simfoni alisema kweli tupu. Ni sisi tuliosikia kuhusu barabara.

Baba alinyanyuka, akasogeza kiti. Kaka alifunga kanga kwenye usukani, akampita baba bila kupeana mkono, maana ni mtu anayekwenda na kurudi, akaniambia mimi nimwekee chai. Mama alifunga mlango nyuma yake.

Hakuwa amerudi hata kwenye jiko tarumbeta zilipolia. Zilikuwa zilezile. Mwendo wa kwanza, ule wa ugomvi.

Mama alifungua mlango kwa kishindo akatoka barabarani hana hata mtandio kichwani, akaita jina lake. Barabara ilikuwa tupu na kaka alikuwa mwepesi wa baiskeli tangu utoto. Mwalimu alisimama katikati ya uani, mikono imening'inia.

"Wamerudisha santuri mwanzo," alisema. "Ni ileile, mzee. Wameirudisha tu."

"Kwa hiyo haikuisha," baba alisema.

"Iliisha."

Baba alirudisha kiti mlangoni, sijui kumzuia nani. Jioni msemaji alisema, na alichosema ni kwamba hali ni shwari na wananchi waendelee na kazi zao. Nilimwekea kaka chai kwenye chupa.

Kesho yake, jua halijafika katikati, mlango uligongwa na wote tukanyanyuka kwa pamoja. Alikuwa mke wa kaka. Tope limemfika magotini, mtoto mgongoni amefungwa kwa shuka lililochanika. Alitoka Kamenge na wanawake wengine kabla hata redio haijaanza muziki wake, wakapita Mutakura, wakashuka mpaka mashamba ya mpunga ya Buterere, wakalala humo majini na wadudu, kisha wakazunguka kuingia mjini kwa chini. Ile nyumba aliyoikimbilia kaka haikuwa na mtu tangu alfajiri ya jana yake.

Alitazama viatu vilivyopangwa mlangoni.

"Bwana yangu iko wapi?"

"Amekwenda kukuchukua," baba alisema.

Akacheka. Nalikumbuka cheko lile kuliko vilio vyote vilivyofuata. Alicheka kama mtu aliyesikia jambo la kijinga litakalotengenezwa kabla ya jioni. "Basi tumepishana," alisema. "Hatanikuta. Atarudi."

Njia ilipofunguliwa baba alikwenda kwa miguu. Alikwenda hospitali, akaenda kwa majirani wachache waliobaki, akaenda kwa watu ambao mtu wa akili haendi kuwauliza. Hakuleta kitu. Hata baiskeli haikuonekana. Kwa muda mrefu mama alimwangalia kila mwanamke aliyembeba mtoto, anaangalia kanga kwanza.

Mwalimu hakulaumiwa. Mama aliendelea kumpelekea sahani yake, wali na maharage, anaifunika na sahani nyingine kama siku zote. Nadhani mwalimu angependa atukanwe. Siku chache baadaye nilimwona mama amesimama mlangoni pake.

"Mwalimu, hakunaka ya tano?"

"Apana, mama," alisema. Alikuwa anatazama chini. "Hakuna."

Alihama mwezi huohuo, godoro kichwani. Mama alimpa vitunguu vya njiani.

Sasa ndiyo maana nakasirika ninaposikia watu wakiusimulia ule wakati kwa mpango: kwanza iliuawa amani, kisha mapigano, kisha mazungumzo huko nje, kisha mikataba, watu wakarudi nyumbani. Miendo minne, na makofi. Wanaosimulia hivyo walikuwa na pa kusimama wakasikiliza yote. Sisi kila kimya tulidhani ni mwisho, na kila mwisho ulikuwa kimya tu.

Mke wa kaka alibaki kwetu. Hakuwa mke wala mjane. Mjane hukaa eda, miezi minne na siku kumi, na eda huhesabiwa tangu siku ya kifo. Siku hiyo hatukuwa nayo. Baba alikwenda kwa shehe. Shehe alikuwa mtu mpole, alifungua vitabu vyake kwa heshima yote, akasema mwanamke ambaye mumewe amepotea asubiri miaka minne, kisha akae eda, kisha awe huru.

"Ine tena," mama alisema baba alipotuletea jibu.

Miaka hiyo ilipita, na mji ulikuwa bado unalia risasi. Baba hakuimaliza. Alikufa kitandani mwake, jambo ambalo watu walilitaja msibani kama bahati. Kisha mke wa kaka akaingia eda, akakaa chumba cha nyuma, kilekile cha mwalimu, na mimi ndiye niliyempelekea chakula. Hakulia sana. Aliniambia anachokiogopa ni kwamba akitoka, kaka akirudi, atakuta wamekwisha kumzika bila kumngoja.

Siku ya kutoka wanawake wa mtaa walikuja asubuhi. Wakamwogesha, wakafukiza ubani, wakamvika kitenge cha manjano, wakampaka mafuta, wakamtoa uani akiwa amewashika mikono. Walikuwa wamepika maandazi. Mama alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha baba, mlangoni. Mwanamke mmoja, jirani mwema ambaye hakuwa na ubaya na mtu, alimshika bega mkwe wetu akasema kwa sauti ya furaha kidogo, ili wote tusikie, "Haya, mwanangu, sasa imekwisha."

Mama aliinua kichwa.

"Tungoje kidogo," alisema.

Na sote, hata wale ambao hawakuwahi kuijua ile redio yetu, tukanyamaza tukasikiliza barabara, mpaka chai ikapoa.