Uzito wangu ulivyonizuia kushuka kaburini kumpokea mama, na miezi kumi na minne ya kupungua

Wakuu, salaam zenu wote mliomo humu.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika si kawaida yangu. Juzi nimeona mwenzetu mmoja anauliza afanyeje, maana nguo zote zimembana na kila akianza kupunguza mwili anaishia njiani.

Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, nikaona haitatosha. Acha nifungue uzi wangu. Nitakayoyaandika ndivyo yalivyotokea, hata yale yanayoniaibisha. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Nina miaka arobaini na mbili. Naishi Kibiti mjini, ni dereva wa lori. Napeleka nazi na mananasi Dar, narudi na saruji au bidhaa za maduka. Kwetu hasa ni Ruaruke. Huko ndiko nilikozaliwa na ndiko mama alikoishi mpaka mwisho.

Ujanani nilikuwa mwembamba, nacheza winga. Mwili ulianza baada ya kushika usukani. Unakaa kwenye kiti masaa sita, saba. Unasimama Mkuranga unakula chipsi mayai, unashushia soda mbili. Ukifika nyumbani kuna wali wa nazi na samaki, unakula kama mtu aliyetoka kulima.

Suruali namba thelathini na nne ikawa thelathini na nane, ikafika arobaini na nne. Mke wangu Mwajuma alikuwa anasogeza vifungo vya mashati mpaka ukingoni kabisa. Mimi nikawa nasema vitambaa vya siku hizi vibovu, vikifuliwa vinarudi.

Kijiweni wakaniita Bosi. Nililipenda hilo jina, sidanganyi.

Nilijaribu kupungua mara tatu. Mara ya kwanza nilinunua jinzi namba thelathini na sita mnadani nikaitundika msumarini mbele ya kitanda. Nilisoma mtandaoni kwamba ukiiona kila siku utapata moyo.

Kila asubuhi nikawa naijaribu. Inaishia mapajani. Wiki ya kwanza nilijifariji, ya pili nikaanza kuichukia, ya tatu nikampa shemeji yangu. Siku hiyo hiyo nikala chapati nne.

Hizo mara mbili nyingine sioni haja ya kuzieleza. Zilikufa vile vile.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Mama aliugua siku chache tu. Alikuwa na kikohozi, tukadhani ni mafua ya msimu. Jumanne moja asubuhi mdogo wangu Shabani, aliyekuwa anaishi naye Ruaruke, akanipigia simu.

"Kaka, njoo nyumbani," akasema.

Nikajua.

Nilikuwa na kanzu moja nzuri, ile niliyofungia ndoa. Mwajuma aliitoa sandukuni akaipiga pasi huku machozi yanamtoka. Nilipoivaa ikakwama kifuani. Nikavuta. Ikachanika kutoka kwapani mpaka kiunoni.

Mwajuma alitoka, akarudi na kanzu ya jirani yetu ambaye naye ni mtu mnene lakini mfupi. Ikaniishia katikati ya ugoko. Ndiyo niliyoendea kumzika mama yangu, kanzu ya kuazima.

Ningefurahi kama aibu ingeishia hapo.

Kwa wasiojua mazishi yetu: maiti ya mwanamke hupokelewa kaburini na maharimu zake, yaani wanaume wa damu yake ambao hawezi kuolewa nao. Wanashuka watu watatu hivi, wanampokea kutoka kwa walio juu, wanamlaza kwenye mwanandani, ule uwazi mwembamba unaochimbwa chini kabisa. Mtoto wa kiume wa kwanza ndiye anayetazamiwa kushuka kabla ya wote. Mtoto huyo ni mimi.

Tulisali Adhuhuri, tukamsalia, tukambeba. Kufika makaburini nilivua viatu, nikasogea ukingoni. Shabani alikuwa ameshashuka. Ameshashuka pia Saidi, mtoto wa dada yake mama.

Nikakaa chini ili niteremshe miguu. Mchanga wa ukingoni ukaanza kumomonyoka, ukamwagikia ndani. Mtu akanishika bega. Alikuwa mjomba Seif, kaka yake mama, mzee wa zaidi ya miaka sitini na mguu wake mmoja una matatizo.

"Mpwa wangu, baki juu," akaniambia kwa sauti ya chini.

"Mjomba, mimi ndiye mkubwa."

"Najua. Lakini mchanga wa huku haushikani, na mle ndani ni padogo. Ukiteleza utamwangukia mama yako."

Nikarudisha miguu juu.

Mjomba akapandisha kanzu yake, akaifunga kiunoni, wakamshika mikono, akashuka yeye na mguu wake ule. Nilimsikia akiguna alipofika chini. Mimi nikapewa pembe ya shuka inayotandazwa juu ya kaburi kumsitiri marehemu. Nikaishika. Mama akapita mbele yangu, akashuka, akapokewa na wengine.

Wakuu, hakuna aliyenicheka. Hakuna aliyeniangalia vibaya. Wote walikuwa na adabu, na nadhani ndiyo maana iliniuma zaidi. Laiti mtu angenitukana ningepata pa kupeleka hasira.

Sasa mtu atadhani niliporudi Kibiti nilianza mazoezi kesho yake. Hapana. Nilirudi nikala. Nilikula njiani, nikala nyumbani, nikala nikiwa sina njaa. Miezi miwili baada ya msiba nilikuwa na kilo mia moja ishirini na tatu. Namba hiyo niliipata kituo cha afya, nilikokwenda kwa sababu ya kichwa kuuma. Presha ilikuwa juu, sukari imeanza kupanda. Nikaandikiwa dawa za presha, nikaambiwa nipunguze mwili. Nikaitikia kama nilivyoitikia miaka yote.

Kilichoniamsha ni Shabani.

Alikuja Kibiti kunisalimia, tukakaa barazani. Tulikuwa tunaongea habari za shamba la mama la minazi, nani aliangalie. Katikati ya mazungumzo akasema:

"Kaka, siku ile mle ndani niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Nilipompokea. Alikuwa mwepesi mno. Sikujua nishike wapi nisimuumize. Nikainua macho nikutafute, nikaona shuka tu."

Shabani hakuwa ananilaumu. Nadhani alitaka tu kulitoa. Ni mtu wa miaka thelathini na tano, ana watoto, lakini pale barazani alikuwa analia kama alivyokuwa akilia utotoni nikichelewa kurudi nyumbani. Mimi ndiye niliyekuwa nambeba mgongoni kwenda kuchota maji. Mara moja tu aliyonihitaji ukubwani nilikuwa nimesimama juu.

Kesho yake baada ya sala ya Alfajiri sikurudi kulala. Nilianza kutembea barabara ya kuelekea Mtawanya. Nilihesabu nguzo za umeme. Nguzo ya kumi na moja nikaketi kando ya njia, pumzi zimekwisha, magoti yanawaka. Nikarudi nyumbani polepole.

Siku ya pili nilifika tena kumi na moja. Siku ya tatu Mwajuma akavaa raba na baibui, akasema tunakwenda wote.

"Wewe si mnene," nikamwambia.

"Sijasema naenda kupungua. Naenda na mume wangu."

Chakula hatukufanya makubwa. Soda niliacha kabisa, na hiyo ndiyo iliyonitesa kuliko vyote. Wali nikawa nachota kijiko kikubwa kimoja badala ya vitatu. Mwajuma akawa anapika kwa tui jepesi, na mtu wa Rufiji akiacha tui zito msichukulie kirahisi. Safarini nikawa nabeba chakula changu kwenye kontena, viazi vitamu na samaki wa kuchoma. Madereva wenzangu walicheka wiki mbili, wakachoka.

Nguo sasa, kwa sababu ndizo alizouliza mwenzetu.

Mwezi wa pili nilikuwa nimepungua kilo saba, lakini suruali zote bado zinabana. Asubuhi navuta pumzi kufunga kifungo, siku nzima mkanda unanikata tumbo, nikikaa kwenye lori nafungua zipu. Kila nikivaa najiona mjinga. Nikaanza kusikia ile sauti ya zamani, kwamba wewe huwezi, kula tu.

Mwajuma akachukua vipimo vyangu kimya kimya nikiwa nimelala mchana, akaenda kwa fundi cherehani. Akarudi na suruali mbili na mashati mawili. Namba yangu halisi, kubwa vile vile nilivyokuwa.

Nikakasirika. "Unanishonea ya nini wakati napungua? Umenikatia tamaa?"

"Vaa nguo ya mwili ulio nao leo," akasema. "Ukipungua fundi atapunguza. Mimi nimechoka kukuona unaadhibiwa na suruali kila asubuhi."

Nilizivaa. Mara ya kwanza baada ya miaka nilikaa kwenye lori nikapumua vizuri. Amini msiamini, tangu siku hiyo hamu ya kula kwa hasira ilipungua. Sikuwa tena natoka nyumbani nimeshashindwa.

Mwezi wa tano likaja jingine. Nilikuwa nimefika mia na sita, uso umepungua, shingo imeonekana. Mtaani wakaanza kunong'ona kwamba Bosi ana ugonjwa. Mnajua ugonjwa gani. Kwetu mtu akinenepa amepata, akikonda ameambukizwa.

Maneno yakavuka mpaka Utete, kwa mama mkwe wangu. Akaja bila kupiga simu. Akanisalimia kwa heshima, akala, akasali, ndipo akaniita.

"Baba, mimi nimekuja kama mama yako, maana wako hayupo. Kama kuna maradhi niambie. Mwanangu yumo humu ndani."

Niliona aibu, na hasira pia. Ningeweza kumwambia ni mazoezi, basi. Lakini nilimweleza yote: kanzu, mchanga, mjomba Seif, Shabani. Sikuwahi kumsimulia mtu mwingine zaidi ya Mwajuma. Nikamwambia akitaka, mimi na Mwajuma twende tukapime aone majibu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Majibu siyahitaji. Endelea kutembea, baba. Wakiniuliza nitawajibu mimi."

Tulikwenda kupima hata hivyo, mimi na Mwajuma, tukakuta tu wazima. Sikumwonyesha mtu karatasi.

Msidhani iliteremka tu. Ramadhani niliongeza kilo nne kwa futari. Miezi miwili mizima mzani haukusogea, nikaacha kutembea siku tisa mfululizo. Siku ya kumi Mwajuma alivaa raba akatoka peke yake. Nilimwangalia dirishani mpaka akapinda kona, nikatafuta viatu nikamfuata. Sikuwa na hamu wala morali yoyote. Nilichoka tu kumwona anatembea peke yake kwa ajili yangu.

Leo nina kilo tisini na nne. Dawa za presha bado nameza, ila dozi imepunguzwa. Bado nina tumbo. Sijarudi kuwa mwembamba na sidhani nitakuwa.

Na kile kilichonianzishia hakijarekebishika. Nilikwenda Ruaruke kusafisha kaburi, nikachuchumaa bila shida, nikang'oa majani yote mwenyewe. Nikadhani nitasikia nafuu. Sikusikia. Mama anazikwa mara moja. Mjomba Seif nilimwomba radhi, akasema hana anachonidai, akaniuliza bei ya korosho.

Nilichojifunza ni hiki. Nguo iliyokubana itakuamsha, ila haitakutembeza. Aibu pia ina nguvu ya wiki mbili tatu, baada ya hapo inakurudisha kwenye sahani. Mimi nilibebwa na mtu aliyevaa viatu vyake akasimama mlangoni. Kama unaye, mruhusu. Kama huna, mtafute hata jirani. Na usiishi ndani ya suruali inayokutukana kila siku.

Wiki iliyopita tulipokuwa tunarudi kutoka matembezini, fundi pikipiki mmoja wa mtaani kwetu, Bakari, alikuwa anafungua banda lake. Ni mtu wa kilo mia na ushee. Akanivuta pembeni Mwajuma asisikie.

"Kaka, mwaka huu kila nikivaa kitu kinagoma. Hivi ulitumia dawa gani?"

Nikamwambia sina dawa, ila kesho Alfajiri tutapita hapa.

"Nitawachelewesha," akasema. "Mimi nikifika pale kwenye daraja tu nahema."

"Basi tutaishia darajani," nikamjibu.

Tangu siku hiyo tunaishia darajani, tunamsubiri apumue, tunarudi naye.

Wakuu, karibuni mchangie. Hasa wewe uliyeuliza swali lile: uko mkoa gani, na asubuhi unatoka na nani? Na anayeona nimekosea mahali aseme tu, nitasoma yote.