Kukusanya Buibui na Baba Mkwe

Mimi buibui nawapenda, na sitaki mtu anicheke. Nafundisha baiolojia Mugumu, na mwaka ule nilikuwa nasoma shahada ya pili, utafiti wangu ukiwa wa buibui wa msituni. Wanatoka kwa wingi mvua za kwanza za masika zikishanyesha na majani mapya yakianza kuchipua. Kwa hiyo likizo ilipofika, badala ya kupumzika kama walimu wenzangu, nilipanda basi na chupa zangu za spiriti nikaenda ukweni, Kemambo. Juu ya nyumba ya wakwe zangu kuna mlima wenye msitu ambao watu hawajaufyeka.

Mume wangu alikuwa kazini Mwanza. Mwanamke kuzurura peke yake kwenye msitu ule, wazee hawakubali. Basi baba mkwe akasema atakwenda na mimi. Nilishtuka. Kwetu Wakurya mke hamgusi baba wa mumewe. Hampi mkono, hali naye sahani moja, na kitu cha kumpa anakiweka chini, anarudi nyuma, ndipo mzee akichukue. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha haya nilipoolewa, tena kwa ukali. Mimi ni mtu wa mdomo, mume wangu ni shahidi, lakini mbele ya mama yule nilifyata.

Sasa utakusanyaje buibui na mtu usiyeweza kumkaribia? Ajabu ni kwamba kazi yenyewe ilikubali. Unafungua mwavuli, unaugeuza, unauweka chini ya kichaka, unapiga matawi kwa fimbo, na buibui wanaanguka humo pamoja na majani makavu. Mzee ndiye aliyepiga, kwa fimbo yake ya kuchungia. Akishapiga anasogea pembeni, anageuza uso, anasema, "Tayari." Ndipo nakuja na brashi yangu ndogo, nainama, nawasukumia kwenye chupa. Nikimaliza naondoka, naye anahamishia mwavuli kichaka kingine.

"Hivi mama," aliniuliza siku ya kwanza, akiutazama mti, "umesoma mpaka chuo kikuu uje kukamata wadudu?"

"Baba, hawa siyo wadudu. Wana miguu minane."

"Basi wadudu wa miguu minane."

Nilicheka mpaka nikamwaga spiriti. Naye akacheka, mabega yakimtikisika, mgongo bado kanipa. Jamani, nilimpenda mzee yule. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, simkumbuki hata sura, na kule msituni nikajisikia na mimi nina baba. Sikuwahi kumwambia.

Asubuhi ya mwisho alipanda mlima akihema vibaya. Nikamwambia turudi, buibui wa jana wananitosha. Akawaka.

"Mimi nimezeeka lini?"

Haya, nikamfuata kwa nyuma. Huko chini watu walikuwa wanalima kwa ng'ombe, na sauti zao zilitufikia vizuri. Alipiga vichaka vya mwanzo bila shida yoyote. Kisha nikasikia fimbo ikipiga mara moja tu, kukawa kimya. Nikasubiri aseme "Tayari." Hakusema. Nikaita, "Baba?" Sikujibiwa, nikatokeza.

Alikuwa amekaa chini, ameegemea shina la mti, mkono kifuani, amelowa jasho kama mtu aliyenyeshewa. Midomo ilikuwa imepauka. Nilitupa chupa nikamkimbilia. Nilikuwa nimeshainama nimshike bega aliponyanyua kiganja.

"Usinishike, mama. Kaa hapo."

"Baba, unaumwa!"

"Kaa hapo hapo. Ita watu."

Simu haikuwa na mtandao. Nikapiga yowe, nikapiga tena mpaka koo likauma, na kule chini wakaitikia. Nikasikia wakiitana, wakiacha ng'ombe shambani. Lakini kuupanda mlima ule si mchezo. Nikaweka chupa ya maji chini karibu naye, nikarudi nyuma kama nilivyofundishwa. Hakuichukua. Nikauokota mwavuli kichakani, nikaisukuma kwa ncha yake imfikie. Wala hakuiangalia. Alikuwa ananitazama mimi, usoni kabisa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu niolewe pale.

Kisha mkono wake ukaanza kupapasa majani, upande niliokuwa nimesimama. Nikadhani anatafuta fimbo yake, maana ilikuwa imemdondoka. Nikaisogeza kwa mwavuli mpaka ikamgusa vidole. Aliishika kidogo, akaiachia, akaendelea kupapasa.

"Wanakuja, baba," nikamwambia. "Wanakuja, vumilia."

Mkono ukatulia. Wale wanaume walipofika, mmoja wao ndiye aliyemfumba macho. Mimi nilikuwa bado nimesimama pale pale aliponiambia nisimame, nalia, mwavuli mkononi.

Msibani watu walinisifu. Eti mke yule ana heshima, hata kifo hakikumfanya amvunjie mzee heshima yake. Kina mama walionijia kunipa pole walilirudia hilo, na kila nikilisikia nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Hasira zilinijaa, na sikujua nimkasirikie nani. Ndugu wa mume wakanishukuru mbele za watu, nikainamisha kichwa. Mama mkwe peke yake hakusema neno.

Wageni walipopungua, asubuhi moja tulibaki wawili jikoni tukipepeta mtama. Akaniuliza, bila kuinua uso, mumewe alimalizaje. Nikamweleza yote, sikuficha kitu: kiganja alichonyanyua, maji ambayo hakuyataka, macho yake, mkono uliopapasa majani, fimbo niliyomsogezea. Ungo ukatulia mikononi mwake. Machozi yakamdondokea kwenye mtama, wala hakuyafuta.

"Mwanangu," akasema, mama yule yule aliyenifundisha, "mtu anakata roho, fimbo ya nini? Ungemshika tu."