Matroni wa Wodi ya Pamba

Mawifi hatusifiani ovyo. Kaka alipomleta huyu nyumbani, nilimnong'oneza mama, "Mbona mikono yake kama ya fundi uashi?" Leo mtu akimsema vibaya mbele yangu, tutakosana hapo hapo.

Anafanya kazi kituo cha mbegu za pamba, pale pale ninapowapikia wafanyakazi chai. Wenzake wanahangaika mipamba isiugue. Yeye anaulea ugonjwa. Nyuma ya ghala kuna kipande cha shamba ambacho udongo wake una kuvu wa mnyauko. Kuvu huyo huingilia mizizini, akaziba njia za maji ndani ya shina, na mpamba ukanyauka hata kama mvua imenyesha jana. Kila msimu wifi hukatakata mashina ya wagonjwa na kuyarudisha mle mle udongoni, kisha hupanda mbegu mpya juu yake aone ipi itasimama. Mahali hapo tunapaita Wodi, na yeye tunamwita Matroni. Hata mkuu wa kituo hatoki Wodi kabla hajaosha viatu kwenye ndoo ya Matroni, asije akabeba maradhi kwenda mashamba mengine.

"Unaitesa mimea ya watu," nilimtania.

"Bora ife kwangu, wifi, kuliko imfie mkulima aliyeitegemea."

Na kweli ilikufa, msimu baada ya msimu, mpaka tukaanza kumwonea huruma. Halafu mpamba mmoja ukasimama. Mbegu zake zote zikapandwa mstari mmoja, na mstari mzima ukasimama, kijani kibichi, huku jirani zake wakiinamisha majani. Mkuu wa kituo akachomeka kibao na kuandika kwa herufi kubwa: SUGU, yaani mnyauko hauuwezi. Siku hiyo Matroni alikuja jikoni akanikumbatia pamoja na mwiko wangu. Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi vile.

Vitumba vilikuwa vimeshanenepa, bado kupasuka tu, homa ikamlaza Matroni. Kaka yangu, ambaye msimu ule alikuwa kibarua hapo hapo, akatumwa Wodi kung'oa mistari ya wagonjwa na kuikatakata. Alikuwa ametoka moja kwa moja kumpeleka mama hospitali kwa ajili ya sukari yake, kwenye ule mlango ulioandikwa "Kliniki ya Magonjwa Sugu". Sasa mweke mtu huyo mbele ya kile kibao.

Baadaye akaja jikoni kuomba maji, jasho linamtiririka, amejaa fahari.

"Nimeanza na ule mstari wenye ugonjwa sugu."

Birika nusura linidondoke. "Ule wa kijani?"

"Kwani mama kwa nje anaonyesha?"

"Umeshaukata?"

"Bado. Nimerundika yote pamoja, nataka kunoa panga kwanza."

Nilimnyang'anya lile panga nikakimbia kwa Matroni, nyumba za wafanyakazi, hatua chache tu. Alikuja amejitanda shuka, meno yanagongana. Rundo lilikuwa limepigwa na jua kali na majani yote yamelegea, ya wagonjwa na ya wazima, huwezi kuyatofautisha. Mkuu wa kituo alifika akashika kichwa. "Kosa langu," alisema. "Ningeandika hata maneno mawili." Akiba ya mbegu haikuwepo. Kila kitu kilikuwa ndani ya rundo lile.

Kaka alisubiri matusi. Nami nilimwandalia yangu, ya kutosha. Lakini Matroni alikaa chini, akachukua shina la kwanza na kulipasua kwa kisu kuanzia mizizini. Ndani kulikuwa na mchirizi wa kahawia, njia aliyopita kuvu. Akalitupa kushoto. La pili, kahawia. La tatu jeupe safi, na hilo akalipakata.

"Leteni visu," alisema. "Baba watoto, kaa hapa karibu yangu."

Tulipasua sote, na mkuu wa kituo pia, mpaka vidole vikaota malengelenge. Kila shina jeupe lilipitia mikononi mwake, na homa yake ile ile. Nilimwangalia nikasema moyoni, huyu mwanamke kaka yangu hamstahili hata kidogo.

Mashina meupe walienda kuyaning'iniza chumbani kwao, juu ya kitanda, vitumba vikauke humo. Kaka alilala chini yake kama mtoto aliyepewa adhabu. Mbegu nyingi zilitoka kapi. Zilizojaa zilitosha kiganja kimoja, na Matroni akazirudisha Wodi, kwenye udongo wenye maradhi zaidi.

"Zifiche angalau nusu!" nilimwambia.

"Nikizificha sitajua kitu, wifi."

Msimu huo mpya kaka alikonda. Kila asubuhi alichungulia kwanza Wodi ndipo akaenda kwenye kazi yake. Mipamba ilisimama, pamba ikachumwa, lakini shina lisipopasuliwa huwezi kuapa. Siku ya kupasua ilipofika, Matroni alimpa kisu yeye.

"Siwezi," kaka alisema. "Mkono wangu una mkosi."

Wifi akaushika mkono ule, wakapasua pamoja. Kaka alifumba macho.

"Fumbua, baba watoto."

Akafumbua, akaona weupe mtupu toka mzizini hadi juu. Akaketi pale pale kwenye tuta, akalia kwa sauti mbele ya vibarua wote, na mkewe hakumwachia mkono.