Nyota Isiyoonekana Upande Wetu

Dola yetu ya utotoni ilikuwa juu ya paa la nyumba ya ghorofa huko Darsait, Omani, nyumba ambayo chini yake palikuwa na fundi wa viyoyozi na duka la vitambaa. Tulikuwa falme nne. Rafiki yangu wa mlango wa pili alitawala upande wa matangi ya maji. Dada zake wawili walikuwa na ngazi na lile dishi kubwa lililoshika kutu. Mimi nilipewa upande wa kamba za kuanikia nguo. Nasema nilipewa, maana nilipohamia pale paa lilikuwa limeshagawanywa, na yeye ndiye aliyeninyooshea kidole: "Wewe utakaa kule."

Sheria ya kwanza ya dola tuliiapia kwa kushikana mikono: falme zote ni sawa, hakuna mkubwa wala mdogo, kila ufalme una kura moja. Niliiamini kwa moyo wote. Mtoto aliyehamia mahali pageni huamini chochote anachoambiwa kwa upole.

Wao walikuwa Waomani waliorudi kutoka Unguja. Sisi tulikuwa Waomani kama wao, ila babu yetu hakuishia pwani. Alikwenda mpaka Tabora, akafungua duka, akaoa Mnyamwezi, na huyo Mnyamwezi ndiye bibi yangu. Mama yake rafiki yangu, mwanamke mcheshi asiyekosa la kusema, alituita "watu wa reli", yaani wa bara, nasi sote tukicheka. Mama yangu alicheka pamoja nao. Kisha akirudi ndani na kufunga mlango, alisema, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," akaendelea na mapishi yake.

Mapishi hayo ndiyo yaliyoilisha dola. Karibu kila alasiri nilipanda ngazi na mkate wa kumimina uliokuwa bado moto, na jina lake lilikuwa mchango wa ufalme wangu. Falme za dada zake zilichangia maji ya baridi. Ufalme wa matangi ulichangia hekima.

Makao makuu yalikuwa kwenye matangi. Ikaja Juni moja, joto la kuchoma nyayo, na upande ule haukuwa na kivuli hata cha kumficha paka. Kwangu mashuka yalikuwa yameanikwa na upepo unapita chini yake. Nikapeleka hoja barazani kwamba makao makuu yahamie kwenye kamba mpaka joto lipungue. Dada zake wawili wakanyanyua mikono, nadhani kwa ajili ya jasho zaidi kuliko haki, lakini mkono ni mkono. Tulikuwa watatu kwa mmoja.

Rafiki yangu hakubisha. Alijipenyeza nyuma ya matangi, akakaa huko kidogo, akatoka na uso uliotulia kabisa.

"Nyota imekataa," akasema.

Nyota ilikuwa mlinzi wa dola. Ilionekana kutoka nyuma ya matangi tu, mchana na usiku, na kwa macho yake tu.

"Kama sote ni sawa, mbona haionekani upande wetu?" nikamuuliza.

"Kwa sababu makao makuu yako huku."

"Na kwa nini makao makuu yako huko?"

"Kwa sababu Nyota inaonekana huku."

Mtu unaweza kubishana naye, ukamkasirisha, ukamliza, akakubali. Lakini Nyota utabishana nayo vipi? Tukabeba mkate wetu tukarudi kwenye jua. Mimi ni mama mtu mzima sasa, na hasira ya alasiri ile bado ninayo.

Asije mtu akadhani rafiki huyu ni mbaya. Tumezeeka pamoja. Mume wangu alipofariki, alikuwa akija kwangu Al Amerat karibu kila siku ya eda yangu, anavuka milima kwa gari baada ya kazi, anapika, anakaa nami, anarudi kwake. Ndugu wa damu hawakufanya hivyo. Kwa hiyo mwanawe alipomwambia anamtaka binti yangu, na rafiki yangu akaja mwenyewe na dada yake mkubwa kuposa, nililia kwa furaha mbele yao bila kuona haya.

Tukapeana muda, kama ilivyo desturi, kila upande usali istikhara na kumwomba Mungu aoneshe lililo na kheri. Binti yangu alisali, nami nikasali. Moyo wake ukatulia, wangu pia. Alianza kupita madukani Ruwi akitazama mapazia, halafu ananiambia ametazama tu.

Kisha siku moja, baada ya alasiri, rafiki yangu akaja peke yake na bakuli la haluwa ya zafarani. Aliliweka mezani, akakaa, akauvuta mtandio wake. Kahawa niliyommiminia hakuigusa.

"Shoga, nna maneno mazito leo."

"Sema, mwenzangu."

"Tumesali istikhara. Mimi, na dada yangu, na shangazi za kijana. Wallahi, nyoyo hazikutulia. Haikuja kheri."

"Na kijana mwenyewe?"

"Kijana hatatoka nje ya maneno yetu. Usinielewe vibaya, shoga. Sisi na nyinyi kitu kimoja, hakuna tofauti baina yetu, nakuapia."

Mimi sikuwa nimetaja tofauti yoyote. Nilimtazama tu, na nadhani kutazamwa kulimsumbua, maana aliongeza mwenyewe:

"Shangazi zake waliuliza habari za bibi yako wa Tabora. Wazee, unawajua. Lakini si hilo. Istikhara ndiyo iliyokataa."

Siidharau istikhara. Ninaisali, na imenivusha katika mambo makubwa kuliko haya. Lakini uso ule niliujua. Ulikuwa uso uliotulia wa yule mtoto aliyetoka nyuma ya matangi, na mimi nikawa tena upande wa kamba. Nikasema, "Inshallah kheri," kwa sababu hakuna jibu lingine ambalo mtu mwenye adabu hujibu hapo.

Alinikumbatia, akalia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Sidhani kwamba alinidanganya. Anaamini kabisa kwamba sisi ni sawa, kama alivyoamini pale juu ya paa. Aliyezaliwa kwenye makao makuu hana kinachomlazimisha kufikiri vingine.

Nilisimama mlangoni mpaka gari lake likapinda kuelekea mlimani. Niliporudi ndani nilimkuta binti yangu amekaa pale alipokuwa amekaa mgeni, mbele ya kile kikombe kilichojaa. Alikuwa amesikia, nyumba yetu si kubwa.

"Istikhara yao imekataa?" akauliza.

"Imekataa."

"Na sisi si tulisali, mama?"

"Tulisali."

"Yetu ilisema kheri."

"Ilisema kheri, mwanangu."

Akalisogeza bakuli la haluwa mbali naye, taratibu, mpaka ukingoni mwa meza.

"Sasa alipokwambia yao, hakukuuliza na yetu imesemaje?"

"Hakuuliza," nikamjibu.