Kikapu cha Mama Mkwe

Mume wangu Kaweesi ni fundi viatu hapa Nansana, lakini ukimwuliza, atakwambia ni mpishi. Kila Jumamosi analoweka mbavu za nguruwe kwa kitunguu saumu, tangawizi, ndimu na asali kidogo, azichome Jumapili. Mimi naruhusiwa kuosha sufuria tu.

Kilichomuuma miaka saba ni kikapu cha mama yangu. Akija kututembelea, hubeba matoke yake na mchuzi wake wa karanga. Cha kwetu hagusi. Na kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso, wala hawasemezani, kwa hiyo Kaweesi hakuweza hata kumbembeleza. Kila neno lilipitia kwangu, na wote wawili wanasikia vizuri kabisa! Nilichoka.

Jumapili iliyopita mvua ilimfukuza Kaweesi uani. Akahamishia jiko la mkaa barazani, nje ya pazia la sebule alimokaa mama. Mimi nilikuwa nimekwenda kununua chumvi. Niliporudi nikasikia sauti ya mama, nikasimama palepale kwenye kona ya nyumba.

"Wewe paka, mwambie mwenye jiko nyama inaungua."

Paka wetu alikuwa amelala mlangoni.

"Paka, mwambie mama hiyo ni asali, inashika rangi."

"Rangi gani, ya lami? Mwambie apunguze mkaa, ageuze!"

Kaweesi akageuza haraka.

"Paka, mwambie mama ahsante kwa kuona."

"Sijaona kitu mimi. Nimenusa."

"Paka, muulize mama kama ataonja ubavu mmoja. Akikataa, sitamsumbua tena."

Nusura nijibu mimi, lakini mama akaniwahi.

"Mwambie apitishe sahani chini ya pazia. Na afumbe macho."

Kaweesi aliisukuma sahani huku amegeuza uso kama anayechomwa sindano. Mama alikula mbavu sita, na mifupa akaifyonza.

Nilipomsindikiza jioni, nilishtuka njiani. "Mama, umesahau kikapu!"

"Sijasahau. Kitundike jikoni kwenu. Nitakuja nacho tena cha nini?"

Nilimfikishia Kaweesi maneno hayo. Akakitazama kikapu, akafuta macho, akasema ni moshi. Jiko lilikuwa limezimika zamani.