Kibanio cha Wifi Yangu

Darasa la tatu sikulimaliza, lakini shamba hili la zabibu hapa Hombolo nimelipanda mwenyewe, mche kwa mche, na nyumba ninayolala imetoka humo humo. Kwa hiyo mtu wa kuniamuru simzoei upesi.

Vikope, ugonjwa wa macho, nilivipata utotoni, kama watoto wengi wa wafugaji. Nzi walikunywa machoni petu na wazee hawakujali, maana penye nzi pana ng'ombe. Maji yalikuwa ya kunywa na kupikia, uso ulingoja. Ugonjwa ukaenda na kurudi, ukaacha makovu ndani ya kope, na ukubwani nywele zake zikageukia ndani. Kila nikipepesa, zinakwaruza. Jicho la kushoto likafunga utando mweupe, likaisha. Likabaki moja.

Hilo moja alilitunza wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Kibanio chake alikivaa shingoni kwa uzi. Asubuhi nilimlalia mapajani pale mlangoni penye mwanga, naye akaning'oa nywele hizo kwa kibanio hicho huku akinisema.

"Tulia. Kaka yangu alioa mbuzi."

"Alioa mwenye shamba. Ng'oa."

Mwaka juzi, majuma machache baada ya kupogoa mizabibu, mkono wake ulisita.

"Wifi, hapa nimebana unywele au ngozi?"

"Ngozi."

"Basi macho yangu nayo yamechoka. Nenda zahanati, kuna daktari kijana anapasua."

"Jicho moja nililobaki nalo nimpe mtoto wa juzi alikate?"

"Mbona unanipa mimi nisiyeona?"

Nilikwenda shambani na hasira zangu. Pale nilipopogoa, machipukizi yalikuwa yamejaa, mafupi, yamesimama wima. Nikagusa jicho. Nywele zilizong'olewa zilirudi vivyo hivyo, fupi na ngumu, zikichoma kuliko za kwanza. Ninafundisha watu kwamba tawi ukilikata umeliita, halafu jichoni nilitegemea lisichipue.

Zahanati nilimkuta kijana kweli.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Utakata nini?"

"Nitapasua ukope kidogo, niugeuze, nishone, nywele zitazame nje."

Hilo nililielewa. Tawi linaloelekea vibaya tunalifunga kwenye waya.

"Nitaona kama zamani?"

"Hapana. Kovu lililoingia kwenye jicho silitoi. Nalinda uoni uliobaki nao. Na nywele zikigeuka tena, urudi."

Nilimwamini kwa kuwa hakunipambia maneno. Sindano ya ganzi iliuma, kisu sikukisikia. Bandeji ilipotolewa nilipepesa, nikangoja mkwaruzo. Haukuja. Wifi aliponiona, naye akaenda kutazamwa macho yake.

Asubuhi bado tunakaa mlangoni, ila sasa wanaoshikwa ni wajukuu. Kopo dogo la maji linaosha nyuso zao zote, na dawa ya vikope ikiletwa kijijini wanameza, wapende wasipende. Wifi hajavua kibanio.

"Kitupe hicho."

"Nikitupe, na miiba ya miguuni mwako nitaitolea nini?"

Nikamnyooshea mguu.