Mwewe Aliyeuawa kwa Jina Langu

Jamani, mimi Nunzio nimewahi kufungiwa kibandani na baba mkwe wangu mwenyewe. Bunduki iko magotini mwake, wageni wangu wamejibana ukutani, na askari wa misitu wanapanda mlima.

Msicheke kwanza.

Kazi yangu ni kutembeza watu asubuhi kuangalia ndege, huku Calabria, juu ya mlango wa bahari wa Messina. Mwezi wa nne mwewe wanatoka Afrika, wanatupita vichwani wakienda kutaga kaskazini. Kumpiga mmoja ni kesi.

Lakini wazee wetu wana lao. Mwanamume asiyeangusha mwewe mwezi huo, mkewe atamkimbia.

Mimi sijawahi kushika bunduki. Na pale baa hakuna aliyewahi kunitania. Nikajua naheshimiwa.

Basi asubuhi hiyo, paa! Risasi juu yetu. Nikawasukuma wageni ndani ya kibanda cha zege cha wawindaji.

Mara mtu akaingia, akaziba mlango, akakaa hapo na bunduki magotini. Mzee Cosimo, baba yake Ornella, mke wangu. Anahema.

"Hatoki mtu! Askari wako hapo chini. Wakifika, sema mimi ni mgeni wako."

"Baba, na bunduki je?"

"Tunafunika kwa makoti ya wageni wako. Kwani unataka nikafie jela?"

Greta, mama mmoja wa Kijerumani, akanivuta shati. "Nunzio, anasemaje?"

Nikisema kweli, namfunga baba wa mke wangu. Nikidanganya, kazi yangu imekwisha, na wageni nimewaingiza kwenye uongo.

"Lakini baba, mama alishafariki. Sasa unawinda ili mke gani asikimbie?"

Akafungua koti. Mwewe, bado ana joto, damu kwenye bawa.

"Kwani huyu wangu? Huyu wako, mjinga wewe! Kila mwaka nampeleka baa, nawaambia mkwe wangu kaangusha. Ulitaka waseme nini juu ya binti yangu?"

Miaka yote najiona msafi, kumbe ndege wanakufa kwa jina langu!

Buti zikasikika nje. "Nani humo?"

Mzee akanishika mkono. "Mwanangu, nakuomba."

Niliumia, sikufichi. Lakini nilimgeukia Greta, nikamweleza kila neno. Kisha nikapaza sauti: "Ni baba mkwe wangu. Kapiga mwewe. Kanipigia mimi."

Askari wakamchukua mzee na bunduki yake. Jioni nikaingia baa, nikawaambia wote: sijawahi kuangusha hata shomoro.

Kurudi nyumbani, Ornella kafungasha, hasira za baba yake kukamatwa. Mpaka leo yuko kwa dada yake, na simu zangu hapokei.

Wazee wanagonga meza kwa kicheko: "Si tulikwambia!"

Ndugu yangu, kama kuna ubaya usioushiriki, usiishie kukaa pembeni kimya. Waambie watu wazi, tena mapema, maana ukinyamaza kuna anayekujibia. Mimi nilichelewa, ndiyo maana tambi nakula peke yangu.